Nilivyopiga Window Laptopu ya Mama Ethel

Jumatatu, 20 Juni 2011. Newala

Nimechoka kabla wiki haijaanza. Sijamaliza hata kufungua dirisha la kibanda, dada yangu Regina huyo, anashuka kwenye bodaboda kutoka Mnyambe, vumbi hadi kwenye kope. Mkononi ana kitu kimefungwa kitenge. Nikadhani kaniletea ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Wapi! Laptopu yake imegoma.

Haijafa kabisa. Ukiwasha inaandika maneno meupe kwenye giza, inawaza kidogo, inanyamaza. Nikaitazama kwa uso wa daktari. Nikasema inataka kupigwa window upya, yaani mfumo wake wa ndani ulioharibika utolewe, uwekwe mwingine. Kazi ndogo. Aje Jumatano.

Ukweli, na uishie humu humu: sijawahi kupiga window maishani mwangu. Nimeona ikipigwa. Kwa mbali.

Regina hakuondoka. Akakaa kwenye benchi la wateja, akaanza kulia bila kelele. Kumbe ndani ya laptopu imo sauti ya mama. Mama yetu, Bibi Salome, Mungu amrehemu, alitutoka mwezi wa tatu. Alikuwa kungwi, wasichana wa Mnyambe karibu wote wamechezwa unyago mbele yake. Alimwahidi mjukuu wake Ethel, binti wa Regina, kuwa siku ya kutoka unyagoni atampokea yeye mwenyewe kwa wimbo. Alipoona hafiki, akamwita Regina kitandani, akauimba kwenye simu. Jina la Ethel limo ndani ya wimbo. Baadaye simu ikatumbukia kwenye kisima cha maji ya mvua. Sauti ilikuwa imeshahamishiwa kwenye laptopu. Kwingine haipo. Na Ethel anatoka Jumamosi ya tarehe mbili Julai.

Regina akasema, kaka Niko, kama huwezi, sema tu, nimpelekee Dadi.

Dadi! Kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara hapo hapo, nikipiga chafya anasikia. Mtoto wa mjomba wetu, yaani binamu, yaani mtani wangu. Akinitukana natakiwa nicheke. Ana cheti cha kompyuta cha Masasi, amekitundika juu ya picha ya harusi yake. Tangu kompyuta yangu ya mezani iungue, wateja wangu wote wa kuwekewa nyimbo kwenye memori wamehamia kwake. Mimi nimebaki na kuchaji simu.

Nikamwambia Regina mjomba wa mtoto ni mimi, si Dadi. Kwetu huku mwali akitoka anayeulizwa ni mjomba, baba yupo yupo tu. Akafuta machozi, akaniachia. Alipopanda bodaboda akageuka, akasema, usiijaze nyimbo zako, kaka. Nikaumia sana. Nani alitaja nyimbo?

Jumanne, 21 Juni

Nimepata CD ya window kwa yule muuza filamu wa sokoni. Imeandikwa kwa kalamu, maandishi ya mtu aliyekuwa na haraka. Nikaisukuma ndani. Laptopu ikaguna, ikaizungusha kidogo, ikarudia maneno yake meupe. Nikaitoa, nikaifuta kwenye shati, nikairudisha. Vile vile. Mwisho nikaibusu. Hakuna.

Nikarudi kwa muuza filamu. Akasema mashine haisomi CD mpaka iambiwe isome CD kwanza kabla ya tumbo lake yenyewe. Inaambiwa wapi? Kwenye bayosi. Bayosi ni nini? Akasema ni chumba cha ndani kabisa cha mashine, mafundi wanaingia kwa kubonyeza kitufe fulani pale pale inapowaka, kabla haijaamka vizuri. Kitufe kipi? Akasema yeye anauza filamu. Na kila aina ya mashine ina kitufe chake.

Dadi anakijua. Lakini Dadi ana roho mbaya. Akitaka kuwasha mashine ya mteja anatandika taulo juu ya vitufe, anaingiza mkono chini yake, anabonyeza, anatoa mkono, chumba kimefunguka. Mwaka mzima sasa nalitazama lile taulo. Lina picha ya tausi.

Jumatano, 22 Juni

Mpango. Kibibi, anayeuza chai na ming'oko ya kuchemsha kando ya kibanda changu, ampelekee Dadi chai wakati ule ule anawasha mashine, atupie jicho chini ya taulo. Alikubali. Nimemwahidi kumchajia simu bure mpaka msimu wa korosho.

Alikaa huko muda mrefu mno kwa mtu aliyepeleka kikombe kimoja. Aliporudi nikauliza, kabonyeza wapi? Juu. Juu wapi? Juu huko, mstari wa juu. Mama wee! Mstari wa juu wote una vitufe! Akasema hakuona vizuri kwa sababu Dadi alikuwa anamchekesha. Anamchekesha kuhusu nini? Kuhusu wewe, akasema, akaenda kugeuza ming'oko yake.

Alasiri Dadi akapaza sauti kutoka ng'ambo, watu wa stendi wote wakisikia: mtani, kama unalitamani taulo langu njoo tuoge! Watu wakaanguka chini. Nikacheka. Ndiyo utani ulivyo, ukinuna wewe ndiye mbaya. Mbavu zinaniuma kwa kucheka nisichokitaka.

Regina alipiga simu. Nikamwambia mashine iko kwenye uchunguzi. Akauliza, mama yumo? Nikasema yumo.

Alhamisi, 23 Juni

Siku ya kuzikwa kwa aibu.

Asubuhi nilibonyeza vitufe vya juu kimoja kimoja. Kimoja kilizima mwanga wa kioo, nikadhani nimeua, nikakaa chini. Kingine kilipiga mlio. Kingine hakikufanya lolote, na hicho ndicho nilichokibonyeza zaidi. Halafu umeme ukakatika. Betri ya laptopu ilishakufa siku nyingi, inakula umeme wa ukutani tu, kwa hiyo tukakaa wote wawili gizani tunatazamana. Umeme ukarudi. Nikabonyeza. Ukakatika.

Mchana mashine ikaanza kupata joto, feni yake inakoroma. Nikagundua ugonjwa wenyewe. Vumbi! Vumbi jekundu la Mnyambe limejaa kwenye mapafu. Na hapo hapo, niamini shajara yangu, akatokea jirani yangu Petro, Baba Isaka, ametoka kupulizia mikorosho yake, bomba la salfa mgongoni, la mota, lile lenye pumzi ya kufika kileleni mwa mkorosho. Akaliegesha kibandani, akaenda kunywa chai kwa Kibibi.

Nikamuuliza, Baba Isaka, bomba lina kitu? Akasema limeisha.

Nikaiweka laptopu mlangoni, nikaelekeza mdomo wa bomba kwenye matundu ya feni, nikavuta kamba.

Halikuwa limeisha.

Sikuona kitu kwa muda. Njano tupu. Unga wa salfa, ule tunaopulizia mikorosho isiugue ukungu, uliingia kwenye laptopu, ukatoka upande wa pili, ukaenda kwenye chai, kwenye ming'oko, kwenye nguo za watu waliokuwa wanasubiri basi la Masasi. Watu wanakimbia na macho yao mikononi. Kibibi alinitukana kwa Kimakonde, kisha kwa Kiswahili, nisije nikasema sikuelewa. Petro akaniuliza kwa utulivu, laptopu nayo imepata ukungu?

Dadi alisimama mlangoni kwake na lile taulo usoni. Hata hakunitania. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Ijumaa, 24 Juni

Macho yamevimba. Nimelipa ming'oko yote ya Kibibi na nimekula mwenyewe baadhi. Ladha mbaya.

Laptopu nimeianika juu ya bati tangu asubuhi. Kisha nikachukua mswaki, nikaanza kuisugua kitufe kwa kitufe. Njano inatoka, haiishi. Nikaichomeka kwenye umeme nione kama ina uhai, na wakati inawaka mkono wangu ulikuwa bado unasugua mstari wa juu.

Kioo kikawa cha bluu!

Bluu yote, maandishi meupe yamejipanga kwa adabu. Chumba cha ndani! Bayosi! Nimeingia kwa mswaki! Nilipiga kelele mpaka Kibibi akaja na mwiko akidhani nimeshikwa na umeme.

Kitufe kipi? Sijui. Nilikuwa nasugua vyote. Kwa bahati mbaya nikabonyeza kitu, nikatoka nje. Nikazima, nikawasha, nikasugua tena. Nikaingia! Basi, sina haja ya kujua. Dadi ana taulo, mimi nina mswaki, na leo tuko sawa.

Mle ndani kila kitu ni Kiingereza. Saa yake inasema tuko mwaka 2002. Sikubisha, labda ndio ulikuwa mwaka mzuri kwake. Kuna mahali pa kuweka neno la siri, nikapapita kwa heshima. Nikaikuta orodha ya nani asomwe kwanza. Nikaipandisha CD juu, tumbo la mashine nikalishusha chini. Ikauliza kama nahifadhi. Nikahifadhi.

Nikampigia Regina. Nikamwambia nimefika kwenye moyo wa mashine. Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu msiba.

Jumamosi, 25 Juni

Nimepiga window.

Ilianza vizuri. CD ikasomwa. Mashine ikaanza kuniuliza maswali ya Kiingereza, na mimi nikakubali yote. Mtu anakuuliza kwa upole, utamkatalia vipi? Ikauliza swali moja refu, ikaandika herufi ya kubonyeza. Nikabonyeza. Ikauliza tena, ni kama ilikuwa inanishangaa. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Ikashukuru, ikaanza kuchora mstari wa njano unaotembea polepole. Nikauangalia kutwa nzima na vidole vimefungamana, nikinywa chai ya yule mama mwingine wa kule stendi, maana Kibibi bado hanisemeshi.

Jioni ikafunguka. Safi! Inang'aa! Hata harufu ya salfa nikaona imepungua. Nikatoka nje, nikasimama katikati ya barabara, nikajinyoosha ili Dadi anione.

Kisha nikarudi kutafuta sauti ya mama.

Nikatazama humu. Nikatazama mle. Hakuna. Picha za Ethel shuleni hakuna. Maandalio ya masomo anayofundisha Regina hakuna. Nikafungua kila mlango ndani ya mashine ile, kote kweupe, pasafi, pamepigwa deki. Nikaelewa lile swali refu lilikuwa linauliza nini: nifute vyote?

Nimekaa. Mama, nisamehe.

Jumapili, 26 Juni

Kanisani nimekutana na Regina uso kwa uso, mlango mmoja tu. Nikasema imepona. Akanishika mikono miwili mbele ya watu, akasema, asante kaka, nilijua hutaniangusha. Akataka nimsikilizishe wimbo hata kwa simu. Nikasema mtandao mbaya. Kwani wimbo unahitaji mtandao? Nikasema siku hizi kila kitu kinahitaji mtandao.

Ningemwambia. Mdomo ulikuwa wazi. Lakini Dadi alikuwa amesimama nyuma yake anatabasamu.

Jumanne, 28 Juni

Nimepata njia. Usingizi haukuja, njia ikaja.

Kule kijijini Chiungutwa yuko Bibi Mwanne, aliyekuwa rafiki wa mama tangu usichana. Walicheza ngoma pamoja, wakavuta ugoro mmoja, sauti zao zimekwaruzika pamoja. Ukiwasikia wakiongea nyuma ya ukuta humjui yupi ni yupi. Na wimbo wa mama anaujua.

Nikaenda kwa bodaboda. Kiuno si changu tena. Shikamoo bibi. Marahaba, mwana wa Salome, umekonda, hamna mtu wa kukupikia? Nikamweleza nataka aimbe wimbo wa kumpokea mwali, aweke jina la Ethel, nirekodi kwa simu. Akauliza, ni wa redioni? Nikanyamaza kidogo. Kunyamaza si kusema ndiyo. Akaingia ndani kubadilisha khanga, akapaka mafuta usoni. Kwa redio!

Aliimba, niseme kweli, nikatokwa na machozi. "Ethel, njoo nje, mwana, njia imefagiliwa." Maneno yale yale. Mbuzi wake alilia katikati, nikamwomba arudie, akasema redioni watamtoa mbuzi wenyewe.

Nimeshaiingiza kwenye laptopu. Nikifumba macho ni mama kabisa. Nikifumbua ni Bibi Mwanne na mbuzi.

Alhamisi, 30 Juni

Regina kaja. Anataka kusikia. Nikasimama mbele ya laptopu, nikamwambia sauti ya marehemu haichezwichezwi ovyo, itasikika mara moja, siku yake, mbele ya mwali. Akafikiri. Akasema, kweli kaka, una busara. Nikajisikia vibaya, na hapo hapo nikajisikia mwenye busara. Vyote viwili kwa pamoja vinachosha.

Akanusa. Kwa nini inanuka shamba?

Jumapili, 3 Julai

Naandika ya jana. Mkono mzito.

Mnyambe ilijaa. Ngoma tangu alfajiri, vigelegele, ubwabwa. Dadi alileta spika na jenereta, naye ni wa ukoo, hana pa kuachwa. Wakamtoa Ethel, kafunikwa khanga, shanga shingoni, amepakwa mafuta anang'aa, macho chini jinsi mwali anavyotakiwa. Wakamketisha kwenye mkeka mpya. Regina akasimama, akawaambia watu kuwa mama hakuwahi, lakini ahadi ni ahadi, na sasa atampokea mjukuu wake. Akina mama wakaanza kulia hata kabla. Akanipa ishara. Mimi, mjomba. Nikabonyeza.

Sauti ikatoka. Nakwambia hata kuku walinyamaza. Nikaona wazee wanafuta machozi, nikasema moyoni, Niko, umeweza.

Ethel akainua kichwa. Mwali haruhusiwi kuinua kichwa. Akamtazama mama yake, akasema taratibu, mama, huyu si bibi.

Mbuzi akalia kwenye spika.

Na katikati ya akina mama akainuka Bibi Mwanne. Nilisahau. Jamani, nilisahau! Rafiki wa marehemu, angekosaje kualikwa? Akainuka na khanga yake ile ile ya redio, akarusha mikono juu, akapiga kigelegele, akatangaza: ni mimi huyo! Nasikika mpaka Dar! Akaanza kujicheza mwenyewe kwa wimbo wake mwenyewe.

Watu walicheka. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Regina hakucheka. Alikuja, akaifunika laptopu polepole kwa mkono wake, akaniuliza, mama yuko wapi?

Nikasema nilipiga window.

Hapo vijana wa ukoo wa baba yake Ethel walianza kusogea. Dadi akanyakua maikrofoni. Akanitukana. Akasema nisamehewe kwa kuwa nilizaliwa na kichwa cha bomba la salfa, akasema mswaki wangu una elimu kunizidi mimi, akayasema mengine siyaandiki. Watu wakarudi kucheka, wale vijana nao wakacheka, mikono ikashuka. Mtani akishakushika hakuna mwingine anayekugusa. Nilielewa alichofanya. Sikumshukuru, na utani hauna asante.

Baadaye akatuita kando, mimi na Regina, uso umebadilika, hana mzaha. Akasema, sauti inaweza kuwa imo bado. Ukifuta kitu kwenye mashine hakitoki siku hiyo hiyo. Kinabaki chini, hakionekani, mpaka uweke kitu kingine juu yake, hapo ndipo kinapotea kweli. Kale kawimbo ka Bibi Mwanne ni kadogo, huenda hakajakanyaga kitu. Mwalimu wake wa Masasi ana programu ya kufufua vilivyofutwa. Atakwenda Jumatatu kuifuata, atarudi Jumatano. Ethel amekubali kukaa ndani siku chache zaidi asikilizishwe wimbo wake kabla hajaanza kutembea mjini. Lakini laptopu isiwekwe kitu. Kitu chochote. Kila utakachokiweka, akaniambia, unakiweka juu ya mama.

Akataka aichukue yeye. Nikakataa. Mbele ya ukoo mzima mtani ndiye arudishe sauti ya mama yangu, na mimi mjomba niko wapi? Nikasema nitaitunza kibandani kwangu kama mboni ya jicho. Regina akanisogezea laptopu. Macho mekundu. Akasema, nakuachia, kaka, si kwa kuwa nakuamini. Nakuachia kwa kuwa mama asingependa nikunyang'anye mbele za watu.

Sijawahi kuambiwa neno zito hivyo. Nimeapa. Haitaguswa.

Jumanne, 5 Julai

Laptopu iko salama. Tangu Jumapili imekaa juu ya rafu imefunikwa kitenge, na kila nikiipita naipiga saluti.

Dadi yuko Masasi, kibanda chake kimefungwa. Saba Saba keshokutwa, Newala nzima inataka nyimbo kwenye memori. Asubuhi wamekuja kwake, wamekuta kufuli, wamevuka barabara. Wateja wangu wa zamani! Wamesimama mbele ya kibanda changu mpaka kwenye masufuria ya Kibibi, na Kibibi amenisemesha kwa mara ya kwanza. Akaniuliza, fundi, huwahudumii watu?

Nilisema hapana. Nataka ieleweke kwamba nilisema hapana.

Kisha nikafikiri kitaalamu. Dadi alikataza nini hasa? Kuweka kitu juu ya mama. Hakukataza kuweka pembeni. Basi nikaifungua, kwa uangalifu mkubwa, nikatengeneza folda mpya pembeni kabisa ya kioo, kule kwenye kona, nikaiita Pembeni. Nikaweka taarabu kidogo kutoka kwenye flashi ya mteja. Hazikumgusa mama, niliangalia. Nikaongeza kwaya, maana mama alipenda kwaya, hata zikimgusa atafurahi. Baadaye vijana wa bodaboda wakataka za kisasa. Baadaye yule muuza filamu akaleta filamu zake zote nimtunzie, naye alinisaidia kwenye mambo ya bayosi, ningemkataliaje? Kazi imekuwa nzuri mno. Mgongo unauma. Nimechoka, lakini leo ni uchovu wa mtu anayefanya kazi.

Jioni hii mashine ikaandika kuwa imejaa, haiwezi kupokea hata wimbo mmoja zaidi. Mwanzoni nikashtuka. Kisha nikatulia, nikaona Mungu ana mipango yake. Imejaa! Sasa hakuna mtu yeyote Newala hii anayeweza kuweka kitu kingine juu ya mama. Nimempigia Regina kumwambia mama yuko salama kuliko jana. Akasema, asante kaka, Ethel yuko hapa mlangoni, hali wala hanywi, anasubiri kesho.